Wakenya ‘milioni 47 na ushei’: Jinsi lugha inavyowapoteza waliohesabiwa

NAMBARI yenyewe ni 47,564,296. Hiyo ndiyo idadi ya watu waliohesabiwa nchini Kenya katika sensa iliyoanza usiku wa Agosti 24, 2019, na matokeo yake kutangazwa na Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) mnamo Novemba mwaka huo. Tangu hapo imetajwa katika hotuba, taarifa za habari na vitabu vya kiada mara zisizo na hesabu. Hata hivyo, mwombe mtu anayefuatilia habari kwa Kiswahili akutajie idadi hiyo. Atakujibu, “milioni arobaini na saba na ushei.” Akijitahidi sana atasema, “milioni arobaini na saba nukta tano.” Na akiwa mwana-Nairobi, ataanza kwa Kiswahili, afike kwenye nambari, arukie Kiingereza kama mtu anayeruka mtaro wa maji machafu, kisha arudi kwenye Kiswahili kumalizia sentensi yake.

Ugomvi wangu leo ni na huo ushei. Ni neno tamu, na lina mahali pake: mzee akikwambia ana miaka sabini na ushei, humwulizi cheti cha kuzaliwa. Lakini limegeuka kuwa jaa la kutupia tarakimu ambazo hatutaki kuzisoma. Na wanaolijaza jaa hilo si wapita njia. Ni sisi tunaoandika magazeti, wasomaji wa habari redioni na kwenye runinga, na watafsiri wa ripoti za serikali. Dai langu ni kwamba Kiswahili kina vifaa vya kutosha vya kuitaja nambari kubwa kikamilifu bila kumchanganya msikilizaji, na kwamba tunavitupa vifaa hivyo kwa uvivu wa kufuata Kiingereza.

Nianze na nambari yenyewe, maana nambari kubwa haitazamwi kwa karibu aghalabu, na ukiitazama utaona kwa nini haikubali ‘takriban’.

Tarakimu ya mwisho ni 6, kwa hivyo hii ni nambari shufwa. Inagawika kwa mbili. (Kinyume cha shufwa ni witiri, neno ambalo Waislamu wanalijua pia kutokana na sala ya witiri.) Tarakimu tatu za mwisho, 296, ni 8 mara 37, na kwa kuwa elfu moja inagawika kwa 8, basi nambari nzima inagawika kwa 8. Jumlisha tarakimu zote nane: utapata 43. Arobaini na tatu haigawiki kwa 3, kwa hivyo nambari yetu haigawiki kwa 3 wala kwa 9. Kwa 5 haigawiki. Jicho tu linatosha kuliona hilo.

Sasa kuna ujanja ambao wengi wetu hatukufundishwa shuleni. Zidisha 7 kwa 11, kisha kwa 13. Jibu ni 1,001, ile ile nambari iliyomo katika jina la Alfu Lela Ulela. Kwa sababu hiyo, ukiikata nambari yoyote katika mafungu ya tarakimu tatu tatu kutoka kulia, kisha ukawa unatoa na kujumlisha kwa zamu, jibu linakufichulia kama nambari nzima inagawika kwa 7, kwa 11 au kwa 13. Mafungu yetu ni 47, 564 na 296. Chukua 296, toa 564, jumlisha 47: unapata hasi 221. Na 221 ni 13 mara 17. Haiwezi kugawika kwa 7 wala 11. Basi idadi ya Wakenya inagawika kwa 13, na tumelijua hilo bila kikokotoo.

Endelea kuichambua na utakuta inagawika pia kwa 19. Baada ya kuondoa 8, 13 na 19, kinachosalia ni 24,071, na hapo unagonga mwamba. Ili kuhakikisha kwamba 24,071 haivunjiki zaidi, huna haja ya kujaribu kila nambari iliyo chini yake. Kipeuo chake cha pili kiko kati ya 155 na 156, kwa hivyo inatosha kujaribu nambari tasa kuanzia 2 hadi 151. Ziko 36 tu. Ni kazi ya kalamu na karatasi, unayoweza kuimaliza ukiwa umekwama kwenye msongamano wa Waiyaki Way jioni ya Ijumaa. Hakuna hata moja inayoingia bila kubakisha kitu.

Kwa hivyo 47,564,296 ni 8 × 13 × 19 × 24,071. Zidisha zile tatu za kwanza upate 1,976. Maana yake ni kwamba watu wote waliohesabiwa mwaka wa 2019 wangeweza kupangwa katika safu 1,976, kila safu watu 24,071, asisalie pembeni hata mtoto mchanga. Ongeza mtu mmoja tu, karani mmoja akumbuke nyumba moja aliyoiruka, na mpangilio wote unavunjika: nambari inayofuata, 47,564,297, haigawiki kwa 2, wala kwa 13, wala 19, wala 24,071. Nambari mbili zinazofuatana hazina kinachozigawa zote mbili isipokuwa moja. Euclid, aliyefundisha Alexandria kule Misri yapata mwaka wa 300 KK, alilitumia wazo hilo hilo kuthibitisha kwamba nambari tasa hazina mwisho.

Hapa nikatize kidogo niseme jambo kuhusu neno ‘tasa’. Mtoto wa shule ya msingi nchini Tanzania analijua, kwa kuwa anasoma hisabati kwa Kiswahili. Mwenzake wa Kenya analijua kwa Kiingereza pekee, na ukimtajia nambari tasa atadhani unatukana mtu. Ana sababu. Tasa ni mwanamke au mnyama jike asiyezaa, na ni neno lililowaumiza wanawake wengi katika ndoa zao. Halafu, ukiacha maumivu hayo, sitiari yenyewe imekaa upande. Nambari tasa si ile isiyozaa. Ni ile isiyozaliwa! Haina wazazi, isipokuwa yenyewe na moja, lakini nambari nyingine zote zimetokana nayo na wenzake. Hiyo 24,071 tunayoiita tasa ndiyo mzazi mmojawapo wa Wakenya wote. Waarabu huziita nambari za awali, na jina la Kiingereza nalo lina maana ya kutangulia. Sisi, tuliokopa shufwa na witiri kutoka kwa Waarabu, tukaliacha hilo la awali. Sipigani na neno ambalo limekwisha kuingia vitabuni na kuzoeleka kwa mamilioni ya wanafunzi. Linaelewana, nalo litumike. Ila mwalimu anayelifundisha afahamu kwamba maana yake ya kawaida inampotosha mwanafunzi badala ya kumwongoza. Na afadhali tasa kuliko kigawo na kigawe, maneno mawili yanayotofautiana kwa irabu moja tu, moja likitaja inayogawa na jingine inayogawika. Nimeyakwepa makusudi katika makala haya.

Turudi kwa watu. Chukua Westlands. Kaunti ndogo ya Westlands ilikuwa na watu 308,854 katika sensa hiyo, kati ya wakazi 4,397,073 wa Kaunti ya Nairobi. Westlands ya sensa, ieleweke, si ile ya maghorofa ya vioo, Sarit Centre na vilabu vya usiku peke yake. Kangemi imo. Mtu wa Kitisuru mwenye ua wa ekari nzima na mtu wa Kangemi mwenye chumba kimoja cha mabati wamehesabiwa katika fungu moja, kila mmoja mara moja.

Ijaribu 308,854 kwa ujanja wetu wa 1,001. Toa 308 kutoka 854: unapata 546, ambayo inagawika kwa 7 na kwa 13. Basi Westlands inagawika kwa 7 na kwa 13. Ukiichambua yote, ni 2 × 7 × 13 × 1,697, na hiyo ya mwisho ni tasa. Kisha fanya jambo moja zaidi: gawa idadi ya Kenya kwa idadi ya Westlands. Westlands inaingia mara 154, na wanabaki watu 780. Yaani Kenya nzima ni Westlands mia moja hamsini na nne na watu mia saba na themanini juu yake. Kwa nchi ya ukubwa huu, hilo ni baki dogo ajabu.

Sisemi kuna siri ndani yake. Wapo watu wanaoona ishara katika nambari, na vitabu vyao vinauzwa kando ya barabara. Mimi si mmoja wao. Ni sadfa tupu. Nimeileta kwa sababu sadfa hiyo huioni mpaka uwe na tarakimu zote. Mtu aliyeshika ‘milioni 47’ ukimwuliza Westlands inaingia mara ngapi atapata 152 na sehemu, na hao 780 hatawaona kamwe.

Tuseme tumeikadiria idadi yetu kuwa milioni 47.6, jinsi ambavyo wengi hufanya. Tumezua watu 35,704 ambao hawakuhesabiwa na karani yeyote. Nambari mpya inagawika kwa 5, kwa 7 na kwa 17, ambazo hazimo kabisa katika ile ya kweli, nayo imepoteza 13 na 19. Kihesabu, hazina undugu. Tuseme badala yake tumesema ‘milioni 47’ na kuacha hapo. Tumewaacha nje watu 564,296: Westlands nzima na zaidi ya nusu ya nyingine. Hakuna chifu ambaye angekubali kata yake iachwe nje ya hesabu namna hiyo, ila ukiufunika ufutaji huo kwa neno ushei, unapita kimya.

Sasa nije kwenye lugha, ambako ndiko hasa kwenye kosa.

Katika Kiswahili, elfu, laki na milioni ni nomino. Tunasema ‘elfu tano’ jinsi tunavyosema ‘nyumba tano’: nomino mbele, sifa nyuma. Kiingereza hufanya kinyume, kinaweka tano mbele ya elfu. Mpangilio wetu una uzuri wake, lakini una mtego pia. Nikisema ‘shilingi elfu ishirini na tano’, ile ‘na tano’ inashikamana na nini? Ikishikamana na ishirini, nina shilingi 25,000. Ikishikamana na elfu ishirini kwa pamoja, nina shilingi 20,005. Ukiongeza mia, mtego unazidi. ‘Shilingi elfu mia tano sitini na nne’ inaweza kuwa 564,000, au 560,004, au 500,064. Tofauti kati ya kubwa na ndogo hapo ni karibu elfu sitini na nne, na kuna familia nyingi jijini zisizopata kiasi hicho kwa mwezi.

Wanasarufi wamelijua tatizo hili muda mrefu. Ninalotaka kuongeza ni kwamba mtego huu unaning’inia mahali pamoja tu: pale nambari inapokatwa mkia. Nambari ikitajwa kikamilifu inajilinda. ‘Milioni arobaini na saba, elfu mia tano sitini na nne, mia mbili tisini na sita’ haina utata wowote. Kwa nini? Kwa sababu tunataja kutoka kubwa kwenda ndogo. Ile ‘nne’ imefuatwa na ‘mia mbili’, kwa hivyo haiwezi kuwa nne ya mwisho. Lazima iwe ya elfu. Tarakimu ndogo za nyuma ndizo zinazozifunga zile kubwa za mbele mahali pake. Mhariri anayezifuta kwa madai ya kumrahisishia msomaji anafungua mlango wa utata ambao lugha ilikuwa imeufunga.

Ndiyo maana ninaitetea laki. Neno hili lilitujia kutoka Uhindi, kama elfu ilivyotoka Uarabuni na milioni Ulaya. (Kikwi, neno letu la kale la elfu, limebaki katika kamusi na mashairi.) Watanzania wanaitumia laki kila siku. Watu wa Mombasa wanaitumia. Hata Nairobi utaisikia gereji na sokoni, kwa wauza magari na wauza ploti: “Gari hii nimeinunua laki nane, siwezi kukuachia kwa saba.” Lakini ikifika studio au chumba cha habari, laki inavuliwa viatu mlangoni. Badala yake tunapata ‘elfu mia nane’, tafsiri ya neno kwa neno ya Kiingereza. Idadi ya Westlands ukiikadiria kwa mtindo huo ni ‘elfu mia tatu na nane’, ambayo yaweza kuwa 308,000 au 300,008. Sema ‘laki tatu na elfu nane’ na utata unakufa hapo hapo.

Kuna wanaodai kwamba laki ni neno la mitaani lisilofaa taarifa rasmi. Hoja hii siielewi. Limo katika kamusi sanifu, na limekuwamo kwa vizazi. La mitaani ni ‘ngiri’, ambalo vijana wa Nairobi walilitoa katika Kikuyu kwa maana ya elfu, na ‘mita’ kwa milioni. Hayo siyapendekezi kwa taarifa ya saa moja, ingawa makanga wa Westi anayekwambia ‘finje’ na ‘soo’ hajawahi kumkanganya abiria kuhusu nauli. Tofauti kati ya makanga na msomaji wa habari ni kwamba makanga akieleweka vibaya anapoteza pesa.

Nukta nayo? ‘Milioni arobaini na saba nukta tano sita.’ Msikilizaji anasikia tano, anasikia sita. Tano ya nini? Sita ya nini? Kwa anayesoma kwenye karatasi, 47.56 ni rahisi. Kwa anayesikiliza akipika, tarakimu zilizo nyuma ya nukta hazina jina. Laki tano na elfu sitini zina majina.

Kifaa cha tatu ndicho ninachokithamini kuliko vyote, nacho kinatupwa kila siku bila mtu kushtuka. Ni upatanisho wa kisarufi. Moja, mbili, tatu, nne, tano na nane ni maneno ya Kibantu na yanapatana na nomino: mtu mmoja, watu wawili, watu wanane. Sita, saba na tisa ni ya Kiarabu na hayabadiliki. Hilo kila mwanafunzi analijua. Asiloambiwa ni kwamba upatanisho huu unautatua ule mtego wa elfu. ‘Watu elfu ishirini na tano’ ni 25,000, kwa kuwa tano hapo inahesabu maelfu. ‘Watu elfu ishirini na watano’ ni 20,005, kwa kuwa watano wanahesabiwa kama watu. Kiambishi kimoja kinabeba tofauti ya karibu watu elfu tano. Nimejaribu kutafuta jinsi Kiingereza kingefanya hivyo kwa silabi moja, sijaona.

Sasa sikiliza taarifa za ajali au za mafuriko. “Watu ishirini na nne wamefariki.” “Wanafunzi thelathini na mbili wamelazwa.” Wengi tumezoea, sikio halishtuki tena. Watetezi wa uzoefu huo husema ujumbe umefika, na kweli katika nambari ndogo unafika. Lakini anayesema ‘watu ishirini na nne’ leo, kesho akisema ‘watu elfu ishirini na nne’, hana tena njia ya kunionyesha kama ni 24,000 au 20,004. Amekivunja kifaa alipokuwa hakihitaji, na sasa anakihitaji hakipo.

Najua pingamizi litakalotolewa na wataalamu wa takwimu, na ni pingamizi zito. Watasema hakuna sensa iliyo sahihi hadi mtu wa mwisho. Wapo walioachwa, wapo waliohesabiwa mara mbili, na kuitaja nambari hadi tarakimu ya mwisho ni kudai uhakika usiokuwapo. Ni kweli. Mwaka wa 2010, waziri wa mipango wa wakati huo, Wycliffe Oparanya, alitangaza kufutwa kwa matokeo ya sensa ya 2009 katika wilaya nane za kaskazini kwa madai kwamba yalikuwa yameongezwa chumvi, na mzozo ukaenda kortini. Lakini tazama mzozo wenyewe ulivyokuwa: watu walibishana wilaya kwa wilaya, kwa tarakimu kamili, kwa sababu mipaka ya maeneobunge na mgao wa fedha za umma hutegemea tarakimu hizo. Huwezi kwenda kortini kupinga ushei. Kukadiria ni halali ikiwa msemaji anasema wazi kwamba anakadiria, na kwa kiasi gani. Katika kichwa cha habari, ‘zaidi ya milioni 47’ inatosha. Nafasi ni finyu, tunaelewana. Katika mwili wa habari, angalau mara moja, nambari itajwe yote.

Na kuna kundi ambalo kwalo suala hili si la ufasaha tu. Jumla ya 47,564,296 imeundwa na vijumla vitatu: wanaume 23,548,056, wanawake 24,014,716, na huntha 1,524. Sensa ya 2019 ndiyo ya kwanza Kenya kuwahesabu huntha kama kundi lao, na Kenya ikawa nchi ya kwanza barani Afrika kufanya hivyo. (Neno huntha ninalipendelea kuliko ‘wenye jinsia mbili’, linalodai kujua maumbile ya kila mmoja wao.) Watu waliokuwa hawana mraba wa kutiwa alama katika fomu za serikali walipata mraba, na mstari wao katika jedwali. Kisha tukakadiria. Ukisema milioni 47.6, kosa la kukadiria peke yake, wale 35,704 wa kuzuliwa, ni zaidi ya mara ishirini na tatu ya huntha wote nchini. Ukisema wanaume milioni 23.5 na wanawake milioni 24, ukajumlisha, umeimaliza Kenya na hujawagusa.

Zitazame tena nambari hizo nne kwa jicho la sarufi. Jumla inaishia 6. Wanaume wanaishia 6. Wanawake wanaishia 6. Sita, neno la Kiarabu lisilopatana, kwa hivyo ukizisoma zote tatu kwa sauti hutasikia popote mwishoni mwake kama ni watu, magunia au matofali yanayohesabiwa. Ni nambari moja tu katika mstari huo wa taifa inayoishia tarakimu ya Kibantu. Huntha elfu moja, mia tano ishirini na wanne. Wanne, si nne.

Wengi wa waliotangaza habari ile walikuwa na ‘1,524’ kwenye karatasi, na tarakimu hazionyeshi kiambishi. Msomaji ndiye anayekitia kwa kinywa chake. Sensa zetu hufanywa kila baada ya miaka kumi, kwa hivyo inayofuata ni ya 2029. Majedwali yatakuja kwa Kiingereza, mtafsiri atapewa saa moja, na huenda safari hii jumla ya Wakenya ikaishia tatu, au nane, na mtu aliyeketi mbele ya kipaza sauti alazimike kuchagua hapo hapo hewani kati ya ‘nane’ na ‘wanane’.